Kombe Lilipotelea Nyumbani

Mimi ni Simba. Naliweka hilo mapema ili msomaji wa Yanga ajue anasoma maneno ya nani. Jumapili ya tarehe 28 Mei 2023 niliingia kibanda umiza kimoja hapa Karatu mjini nikiwa na nia mbaya kabisa: nilikwenda kuona Yanga wakifungwa kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Nilikaa na rafiki yangu wa Endulen, Yanga damu. Alikuwa ameshuka kufuata mahitaji, na kwa kuwa geti la Lodoare hufungwa saa 12 jioni, kuangalia mechi ile kulimaanisha kulala kwangu. USM Alger wakatangulia dakika ya 32. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, kibanda kikalipuka, chai ya mtu ikanimwagikia mgongoni. Dakika mbili tu baadaye Islam Merili akapachika la pili. Nikacheka, tena kwa sauti. Mwenzangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, wewe umepata nini?"

Swali lile lilinirudisha Novemba 1993. Televisheni Tanzania Bara hakuna bado. Sisi kijijini tulikuwa na redio ya baba, na mpira tuliusikia Radio Tanzania Dar es Salaam. Simba walikuwa wametoka sare ya 0-0 na Stella kule Abidjan, fainali ya Kombe la CAF. Kilichobaki ni kushinda nyumbani, mbele ya Rais Mwinyi. Wakafungwa 2-0. Baba alizima redio, akaenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshakamuliwa.

Tangu utotoni nimesikia kwamba timu zetu huponzwa na ugenini: waamuzi, baridi, hoteli mbovu, fitina za Waarabu. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo mara nyingi. Lakini hebu tuifuate safari ya Yanga msimu ule. Oktoba 2022 Al Hilal ya Sudan iliwatoa Ligi ya Mabingwa, wakaangukia Shirikisho. Wakabanwa 0-0 Dar na Club Africain, watu tukawazika. Wakaenda Tunis, Aziz Ki akafunga, wakapita. Kwenye makundi walipigwa 2-0 na Monastir, mechi pekee ya ugenini waliyopoteza tangu waangukie kombe hilo. Bamako walipata sare. TP Mazembe wakafungwa Lubumbashi kwao, 1-0. Robo fainali, Rivers United wakala mbili za Mayele kule Nigeria. Nusu fainali Marumo Gallants walichapwa 2-0 Dar, kisha 2-1 kwao Rustenburg. Kocha Nasreddine Nabi alikuwa na timu inayojua kusubiri ugenini, imtie adui uvivu, halafu imchome.

Nyumbani tunawanyima subira hiyo. Baada ya bao la Mayele uwanja mzima ulitaka la pili palepale, wachezaji nao wakalitaka, nyuma pakabaki wazi. Hilo ni la kwangu, mtu wa kibandani. Nabi huenda angenicheka. Ila sisi Simba ndio tuliojivunia kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, na fainali zote mbili, yetu na yao, wageni walitoka Dar wakiwa na ushindi.

Jumamosi ya tarehe 3 Juni nilirudi kibandani, peke yangu, na koti, maana Juni ya Karatu si ya mchezo. Djuma Shaban akafunga penalti dakika ya saba tu, Algiers kwenyewe. Jamani, nilisimama! Kuna jirani akanivuta shati akiuliza nimehama lini. Nikakaa, lakini mpaka mwisho nilikuwa nahesabu dakika kama mtu mwenye mgonjwa. Yanga wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likaenda Algeria kwa mabao ya ugenini, sheria ambayo Ulaya walikuwa wameshaifuta tangu 2021. Mayele akamaliza mfungaji bora wa mashindano, mabao saba.

Asubuhi nilimpigia yule wa Endulen. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Umeangalia?" akauliza.

"Nimeangalia."

"Ukacheka?"

Nikamwambia akishuka tena, aje alale kwangu.