Kipindupindu: njia ya jahazi, jeni mbili, na watu wetu



Wazee wetu, wa hapa Maskati na wa kule Unguja, walijua kuwa kipindupindu kinasafiri na watu. Mwaka 1821 kiliipiga Maskati kikitokea Bara Hindi, na Zanzibar nayo haikusalimika. Kikarudi Zanzibar 1836-37, tena 1858-59, halafu 1869-70. Safari hiyo ya mwisho Dk. James Christie, tabibu wa Unguja, aliifuatilia akaona kuwa haikuja kwa bahari: ilipita bara, Umasaini, ikateremkia Pangani.

Njia ilijulikana basi, lakini msafiri mwenyewe nani? Koch alimtambua bakteria huyo 1884. Mwaka 1959, Kalkuta, Sambhu Nath De akaonyesha kuwa kinachoua ni sumu anayoitoa, inayomwaga maji yote ya mwili.

Baadaye ikajulikana kuwa sumu hiyo ina sehemu mbili, A na B, na kila moja ina jeni yake. B inashika ukuta wa utumbo. A ndiyo inayoingia na kuleta balaa. Wataalamu wakaichukua jeni ya B peke yake, wakatengeneza B isiyo na A, wakaichanganya na bakteria waliokwisha kufa. Ikawa chanjo ya kunywa. Mwili ukishaijua B, sumu ya kweli ikija haipati pa kushika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame. Tumezoea kusema hizi ni dawa za Wazungu, sisi wa kupokea tu. Si kweli. Mwaka 2009 chanjo hiyo ilitolewa Unguja na Pemba, na watu karibu 24,000 wakamaliza dozi mbili. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kinga ya asilimia 79 kwa waliokunywa, na hata majirani wasiokunywa walipata kinga. Ushahidi huo dunia imeupata kwa watu wetu.

Vitabu vya historia yetu nilivyosoma vimejaa karafuu, masultani na mapinduzi. Hao 24,000 sijawaona humo. Tuwaandike, wengi wao bado wahai.

Na tusijidanganye: kinga ya chanjo hii hupungua baada ya miaka michache. Kisima kikiwa karibu na choo, jeni haitusaidii kitu.

Wassalaam.