Fumbo liwe kwenye picha, siyo kwenye kidole

Umewahi kumwona mtoto wa miaka minne akicheza mchezo wa kuunganisha picha kwenye simu? Anashika kipande chenye sikio la tembo, anakiburuta, anakaribia kabisa, halafu kinamponyoka na kurudi kilikotoka. Anajaribu tena, hivyo hivyo. Mara ya tatu anaiacha simu. Mtu mzima aliye pembeni anasema, "Huyu bado mdogo, hajaweza." Subiri kwanza. Huenda mahali pa sikio alikuwa anapajua. Kilichomshinda ni kitu kingine, na historia yake imeanza zamani sana kabla ya kompyuta.

Twende London, miaka ya 1760. John Spilsbury, mchoraji na mchapaji wa ramani, alikuwa akibandika ramani kwenye ubao mwembamba wa mahogani, kisha anaukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi. Vipande aliviuza kama kifaa cha kufundishia jiografia. Lady Charlotte Finch, aliyewalea watoto wa Mfalme George III, naye alifundishia ramani za namna hiyo.

Hebu tazama muundo wake. Kipande kimoja ni nchi moja, kwa hiyo umbo la kipande ndilo somo lenyewe. Ubao ule ulikuwa kiolesura, yaani pale mtu na kifaa wanapokutana. Ila vipande vilivyokatwa kwa mipaka havikuwa na meno ya kushikana kama tulivyozoea leo. Kiwiko kikigusa meza, Ufaransa inahama! Mtoto anaijua ramani vizuri, lakini kazi yake inavurugika kwa sababu ya mkono.

Januari 1907, Maria Montessori alifungua shule ya watoto wadogo katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Kati ya vifaa vyake kulikuwa na vipande vya mbao vya mviringo vyenye vishikio vidogo juu, kila kimoja na tundu lake. Kinene hakiingii kwenye tundu jembamba. Chembamba ukikitia kwenye tundu pana, mwishoni kuna kipande kitakosa pa kukaa. Mwalimu hana haja ya kusema "umekosea", kifaa chenyewe kimeshasema, tena bila kumwaibisha mtoto. Na kile kishikio kinalingana na vidole vyake. Mkono umerahisishiwa, jicho limeachiwa kazi yake.

Halafu ikaja kompyuta, na kipanya chake. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, na kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiburuta vitu kwenye skrini za Macintosh. Kwa watu wazima kuburuta kulionekana jambo la kawaida tu, si ni kama kusogeza kitu kwa mkono? Sasa fikiria mtoto. Abonyeze kitufe na asikiachie, asogeze mkono mezani, na wakati huohuo macho yawe juu, kwenye skrini. Kidole kikilegea kidogo tu, kipande kimeanguka.

Kori Inkpen, mtafiti wa Kanada, aliamua kulipima jambo hili. Alilinganisha njia mbili: kuburuta, na kubofya kitu mara moja kisha kubofya mahali unapotaka kiende. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2001, watoto walikwenda haraka zaidi na kukosea kidogo zaidi walipobofya tu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwapima watoto wa miaka 4 na 5 wakitumia kipanya, wakaona wazi kwamba ili wapatie kama watu wazima wanahitaji shabaha kubwa zaidi. Kumbe tatizo halikuwa akili.

Mwaka 2010 iPad ikaingia sokoni, na kidole kikachukua nafasi ya kipanya. Raha, si ndiyo? Kwa upande mmoja, ndiyo. Lakini kioo hakina ukingo, kwa hiyo mtoto hasikii kipande kikigota mahali pake. Kidole kinafunika kilekile anachotaka kukiona. Na mkono wa pili, ulioshika kishikwambi, unagusa kioo bila yeye kujua.

Wasanifu wazuri ilibidi warudishe kile ambacho mbao ilikuwa nacho. Eneo la kugusa hufanywa kubwa kuliko kipande kinachoonekana. Kipande kikikaribia mahali pake sahihi kinajinasa chenyewe, na sauti ndogo inasikika. Kikiponyoka kinabaki pale kilipoangukia, hakirudi mwanzo. Maelekezo yanakuwa ya picha, maana mchezaji hajui kusoma.

Hapa ndipo pagumu. Ukifanya eneo la kujinasa kuwa kubwa mno, mtoto atasukuma vipande ovyo na vyote vitaingia. Atafurahi, lakini hakuna fumbo tena, na hakuna alichojifunza. Ukilibana mno, unampima misuli ya vidole halafu unaita matokeo akili. Kwa hiyo ukitaka kuujua mchezo mzuri, jiulize: msaada wake unaenda kwenye mkono, au umemaliza na kazi ya jicho?

Nawe unaweza kupima nyumbani, bila maabara. Mtoto akishindwa, usimwambie aburute. Mwonyeshe kipande, mwulize, "Hiki kinakaa wapi?" Akionyesha sawasawa kwa kidole, basi fumbo ameshalifumbua. Kasoro iliyobaki ni ya aliyeutengeneza mchezo.