G71.0: Watoto Wasiohesabiwa wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Februari 2022, Malawi ilitangaza kupatikana kwa mgonjwa wa polio jijini Lilongwe. Kabla ya Machi kwisha, wachanjaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika mikoa minne ya Tanzania iliyo upande huo wa mpaka: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mtoto mmoja wa ng'ambo ya ziwa alitosha kuiamsha dola, na ilikuwa haki iamke.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu linazaa swali la kihistoria. Mtoto wa Liuli ambaye miguu yake imelegea ghafla ana fomu yake maalumu, namba yake ya utambulisho, na sampuli zake mbili za choo ambazo sharti zichukuliwe ndani ya siku 14 na kupelekwa maabara. Mtoto wa kijiji hichohicho ambaye misuli yake inanyong'onyea polepole kwa miaka minane hana hata mstari wake katika taarifa ya mwezi ya zahanati. Wote wawili hawawezi kupanda ngazi. Tofauti iko katika neno moja, "ghafla". Neno hilo lilichaguliwa na mpango wa dunia wa kutokomeza polio, nao ulikuwa na lengo, fedha na tarehe.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni distrofia ya misuli, hasa ile ya Duchenne, iliyopewa jina la tabibu Mfaransa aliyeieleza katika miaka ya 1860. Huwapata karibu wavulana peke yao. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka ovyo, hujiinua kutoka sakafuni kwa kujishika mapaja, na mara nyingi huacha kutembea akikaribia miaka 12. Baadaye udhoofu hufika kwenye kupumua na kwenye moyo. Makadirio ya kimataifa ni mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 mkoani Ruvuma, na hakuna sababu ya kibaiolojia ya kudhani kwamba ugonjwa huu uliuruka mkoa huo. Wako wapi, basi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1893 mwanatakwimu wa Paris, Jacques Bertillon, aliwasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za vifo. Ilikuwa orodha ya maiti, iliyotungwa kwa ajili ya miji iliyotaka kujua watu wake wanakufa kwa nini. Ni toleo la sita, la mwaka 1948, chini ya Shirika la Afya Duniani, lililoipanua rasmi ikawahusu pia wagonjwa walio hai. Toleo la kumi, lililopitishwa mwaka 1990, liliipa distrofia ya misuli msimbo G71.0. Lakini ndani ya msimbo huo mmoja walilundikwa Duchenne, Becker aliye mpole zaidi, na aina za uso, mabega na nyonga, ambazo hutofautiana kwa urithi, kwa umri na kwa hatima. Marekani iliugawa msimbo huo kwa matumizi yake yenyewe mwaka 2018. Toleo la kumi na moja la dunia, linalozitenganisha aina hizo, lilianza kutumika Januari 2022, mwezi mmoja tu kabla ya tangazo la Lilongwe.

Katika mwambao wetu, kalamu ya tabibu ilikuja na misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Waanglikana wa Likoma walikuwa na meli yao, Chauncy Maples, ziwani tangu 1901. Hadi leo hospitali za Litembo, Liuli na Peramiho zinabeba sehemu kubwa ya mzigo wa tiba katika ukanda huu. Wanafunzi wangu wanapenda kusimulia mizinga iliyopigwa Liuli Agosti 1914, wakati Waingereza walipoishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani. Rejista za wagonjwa hazisisimui namna hiyo, ingawa zina mengi zaidi ya kutueleza kuhusu watu walioishi pale.

Mfumo wa MTUHA ulipoanza katika miaka ya 1990, uliileta nchi nzima kwenye vitabu vya aina moja. Lilikuwa jambo jema. Ila tabibu wa zahanati hujaza kitabu cha wagonjwa wa nje, na mwisho wa mwezi mistari ile hufupishwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyokwisha kupangwa. Malaria ina mahali pake. Kifafa kina mahali pake. Asiye na mahali huangukia "mengineyo". Takwimu zilipohamia kwenye kompyuta kupitia DHIS2, "mengineyo" nayo ilihamia, ikiwa tupu vilevile.

Kifo humfuta mtoto mara ya pili. Hati ya kimataifa ya sababu ya kifo, ambayo nayo ni zao la 1948, hudai mnyororo: kilichoua mwishoni, kilichokisababisha, na chanzo cha yote. Kijana wa miaka 18 mwenye Duchenne akifa kwa nimonia, chanzo ni distrofia. Tukiandika "nimonia" tukakomea hapo, tumeandika ukweli uliokatwa kichwa. Na huyo ni aliyefia hospitalini. Aliyefia nyumbani huenda asiandikwe popote.

Anayelipa gharama ya ukimya huu kwanza ni mama. Mara nyingi ndiye aliyebeba jeni bila kujua, ingawa karibu theluthi moja ya wagonjwa hutokana na badiliko jipya lisilorithiwa. Mtoto wa kwanza asipopewa jina la ugonjwa, wa pili na wa tatu huzaliwa kabla ya yeyote kumwambia lolote, na pengo hilo hujazwa na tuhuma za uchawi. Dada zake nao huolewa bila taarifa. Tena si kweli kwamba utambuzi hauna faida kwa kuwa hakuna tiba ya kuponya: prednisoloni, dawa ya bei nafuu, huwarefushia wengi muda wa kutembea.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeliongezea jambo hili uzito. Wanaopanga kitita cha mafao hupanga kwa takwimu, na ugonjwa usio na hesabu hauna hoja mezani.

Watumishi wa afya wanaosoma hapa wataniambia kwamba vipimo vya jeni haviko Mbinga. Ni kweli. Lakini kuandika "udhoofu wa misuli unaoendelea, unashukiwa kuwa wa kurithi, G71.0" hakuhitaji maabara, wala kumpeleka mtoto Peramiho na maelezo hayo mkononi badala ya neno "kilema". Historia ya ukoo nayo haihitaji mashine. Kwa kuwa Duchenne hupita upande wa mama, swali la kwanza ni kama mtoto ana mjomba, au mtoto wa mama mdogo, aliyeacha kutembea utotoni. Bibi wa Kimatengo atalijibu swali hilo hadi vizazi vitatu nyuma, kwa majina na vijiji. Mganga Mkuu wa Wilaya ya Nyasa au ya Mbinga anaweza kuagiza jibu hilo liandikwe kwenye faili kuanzia Jumatatu, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.