Biri ya Noeli, 1914

Watu wa pwani walikuwa wakimkaribisha mgeni kwa tambuu. Wazungu wa zamani walimtolea biri, yaani ile nene ya tumbaku tupu isiyofungwa kwa karatasi, nayo ilikuwa hasa ya sikukuu, baada ya kula. Desturi hiyo ilionekana mahali pasipotazamiwa, siku ya Noeli ya mwaka 1914, karibu na Fleurbaix katika Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Katika mkesha wa sikukuu Wajerumani wengi walisimamisha miti midogo yenye mishumaa juu ya mahandaki yao, wakaimba. Kulipokucha, maiti za pande zote mbili zilikuwa zingali katikati, hazijazikwa. Kasisi J. Esslemont Adams, wa kikosi cha Gordon Highlanders cha Waskoti, akavuka kuomba ruhusa ya mazishi, akakubaliwa. Zaburi ya 23 ikasomwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani na kijana aliyekuwa akisomea uchungaji.

Ndipo ofisa wa Kijerumani akamtolea kasisi biri. Naye hakuivuta, aliomba aiweke iwe ukumbusho. Akaulizwa, naye atatoa nini? Akavua kofia, akatoa katika bitana yake sala ya askari, aliyokuwa akiichukua tangu vita kuanza.

Mimi naona hapo biri haikuwa anasa tena, maana uliyepokea tambuu yake amekwisha kuwa mwenyeji wako. Wakubwa wa jeshi nao walilifahamu jambo hilo. Jemadari Mkuu French alikataza mapatano ya namna hiyo, na Noeli ya 1915 ni mahali pachache tu palipotulia.