Karani wa Mlangoni

Mwezi wa Septemba 1981, Jon Postel wa California, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeshika daftari la namba za mtandao, alipotoa waraka uliopanga kaida za intaneti, kila mashine iliyotaka kusema na mwenziwe ilipewa anwani ya tarakimu 32 za sifuri na moja, na ukizipigia hisabu anwani hizo zapata 4,294,967,296. Kompyuta zilizounganishwa zama hizo zilikuwa ni mamia tu, kwa hiyo akiba hiyo ilionekana kama maji ya bahari, wala hakuna ayapimaye maji ya bahari kwa kata. Zikagawiwa kwa ukarimu uliovuka mpaka, hata chuo kimoja cha Marekani, MIT, kikajikuta na zaidi ya milioni 16 peke yake.

Muongo uliofuata, bahari ile ilianza kuonyesha mchanga wake. Machi 1994 wataalamu wakatenga mafungu matatu ya anwani ambazo yeyote aweza kuzitumia ndani kwake bila ya kumwomba mtu idhini, kwa sharti kwamba zisitoke nje. Na fungu kubwa kupita yote, lile lianzalo kwa 10, lilikuwa mali ya ARPANET, mtandao mzazi uliozimwa mwaka 1990, kwa hiyo mwenye kuiona namba hiyo katika simu yake amevaa joho la marehemu pasi na kujua. Mei ya mwaka ule ule, Kjeld Egevang wa Denmark na Paul Francis, aliyekuwa Japani katika kampuni ya NTT, wakaandika waraka mfupi wakieleza jinsi mashine nyingi za ndani zitakavyotoka nje kwa kuazima anwani chache za hadhara.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Aliyesoma shule ya bweni akumbuka kwamba barua zote zilifika katika sanduku moja la posta, na karani wa shule ndiye aliyezizoa asubuhi, akaketi kuzitenga jina kwa jina. Ruta, kile kisanduku kiunganishacho nyumba na intaneti, ni karani wa namna hiyo, ila mtihani wake ni mgumu zaidi, kwa kuwa barua imrudiayo haina jina la mwanafunzi. Simu yenye anwani 192.168.1.5 ikituma pakiti ya data kutoka mlango wake namba 51000, yaani namba itambulishayo mazungumzo hayo ndani ya simu, ruta huifuta anwani hiyo, huandika ya kwake ya hadhara, hubadili na namba ya mlango, tuseme 40012, kisha huyatia yote mawili katika daftari lake. Jibu likija kwa 40012, hufungua daftari, hurudisha anwani ya kwanza, na simu haina habari kwamba kuna mkono uliopita kati. Namba za milango ni 65,536, basi anwani moja hubeba watu wengi mno.

Lakini barua isiyotanguliwa na nyingine kutoka ndani hutupwa, kwa kuwa daftarini haimo; wa ndani huita, wala haitwi. Wapo wataalamu waliochukizwa tangu mwanzo, nami nawaunga mkono, maana intaneti iliundwa ili kila mashine imfikie mwenziwe bila ya dalali. Egevang na Francis wenyewe walikiri kwamba dawa yao ni ya muda tu. Desemba 1995 ukatoka waraka wa kwanza wa anwani mpya za tarakimu 128, zisizohitaji karani. Ila karani alikwisha zoeleka, naye ni rahisi, na wafanyabiashara walikwisha muuza ndani ya visanduku vyao.

Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya anwani za zamani yaligawiwa kwa masajili matano ya dunia, moja likafika AFRINIC, sajili ya Afrika, kule Mauritius. Mwaka uliofuata likatengwa fungu jingine, lianzalo kwa 100.64, kwa ajili ya kampuni za simu, ili karani wa nyumbani naye awe chini ya karani mkubwa zaidi. Ewe msomaji, fungua mipangilio ya simu yako uitazame anwani yake: ikianza kwa 10, kwa 100.64 au kwa 192.168, huko nje haijulikani kabisa, na ile ijulikanayo huenda unaigawana na jirani usiowajua.