Ua la Mwaka 1851

Leo tutasoma habari ya ua la nchi za baridi, liitwalo peoni.

Wachina wamelipanda tangu kale. Mizizi yake waliifanya dawa. Ulaya nako lilipendwa bustanini. Mwaka 1851, karibu na mji wa Lille, Ufaransa, mkulima wa maua Auguste Miellez alitoa aina mpya. Ua lake ni kubwa, jeupe, lina madoa machache mekundu katikati, nalo lanukia sana. Aina hiyo yaitwa Festiva Maxima.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbegu zake zikipandwa, hazizai ua lile lile. Basi limefikaje mpaka leo? Kwa njia mnayoijua. Mgomba hatuupandi kwa mbegu. Twang'oa chipukizi, twampa jirani. Peoni ni vivyo hivyo. Mwezi wa Septemba au Oktoba, mwenye bustani huchimbua shina, hukata mizizi vipande, kila kipande na macho yake matatu au zaidi. Macho hayo hufukiwa sentimita 5 tu. Yakizama mno, majani huota, maua hayatoki.

Shina moja laweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mwenye nyumba hufa, ua husalia. Kila Festiva Maxima iliyopo ni kipande cha mche ule mmoja wa Miellez. Waliouhifadhi ni watu wa kawaida, wenye jembe na moyo wa kugawana. Wangaliacha, aina hiyo ingalipotea.

Kazi ya daftari: Andikeni jina la mmea mmoja wa nyumbani kwenu, na jina la aliyewapa. Kwaherini.