Jabira: Mfupa Uliovunjika Baina ya Tabibu na Faqihi

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tunaulizwa mara kwa mara na ndugu waliovunjika mifupa wakafanyiwa operesheni: je, tufungue bendeji kwa ajili ya udhu? Je, sala ya kukaa inasihi? Wapo wanaodhani kuwa kuikataa ruhusa na kuvumilia maumivu ndiyo uchamungu. Tumeona vyema turejee katika historia, tuone namna matabibu na mafaqihi wetu walivyolitazama jambo hili.

Amepokea Imam Bukhari kisa cha Sahaba Abdullah bin Atik (r.a.), aliyeanguka akavunjika mguu akiwa katika kazi aliyotumwa na Mtume (s.a.w.). Aliufunga kwa kilemba chake, kisha akarejea. Na Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliwahi kuangushwa na farasi, na katika mapokezi ya Jabir (r.a.) kwa Abu Daud imetajwa kuwa unyayo wake uliteguka. Masahaba walipokwenda kumzuru walimkuta anasali hali ameketi. Basi ni nani kati yetu aliye mchamungu kuliko yeye?

Neno jabira, ambalo wingi wake ni jabair, ni mabanzi yanayofungwa juu ya mfupa uliovunjika. Asili yake ni jabara, yaani kuunga kilichovunjika, na ndiyo asili ya al-jabr, jina la elimu ya hesabu aliyoiandikia kitabu al-Khwarizmi huko Baghdad. Hata Wahispania walimwita muunga mifupa algebrista.

Huko Andalus aliishi Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake al-Tasrif kina juzuu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, ambayo mlango wake wa tatu ni wa mifupa. Anaufungua kwa kulalamika kuwa kazi hii imeingiliwa na wajinga wasiosoma hata herufi moja ya vitabu vya waliotangulia. Alionya dhidi ya kukaza sana bendeji, na penye jeraha alielekeza liachwe wazi ili litibiwe. Hakusahau chakula: mfupa unapoanza kuunga, mgonjwa apewe vyenye kujenga mwili, kama harisa, wali, makongoro na mayai. Naye Ibn Sina (aliyefariki 1037) alishauri kutoharakisha kufunga mabanzi mpaka hofu ya uvimbe iondoke. Kitabu cha al-Zahrawi kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na Ulaya ikakisoma kwa muda mrefu.

Mwaka 1852 tabibu wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alieneza bendeji ya plasta. Mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi waliunda jumuiya iliyosimamia kanuni hii: mfupa ukazwe kwa vyuma mpaka utulie, kisha viungo vianze kutumika mapema. Kulala muda mrefu hukakamaza viungo, hudhoofisha misuli na huweza kugandisha damu. Kwa hiyo matabibu wa leo huharakisha kupona kwa mazoezi yenye kipimo, chakula chenye protini na madini ya chokaa, kulikinga jeraha na vijidudu, na kuacha tumbaku, ambayo huchelewesha mfupa kuunga.

Sasa tazama upande wa fiqhi. Matini ya Abu Shujaa, inayosomwa katika madrasa zetu, imelitaja suala hili katika mlango wa tayamamu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mwenye jabira ambayo kuiondoa kunamdhuru huosha sehemu nzima, hupaka maji juu ya jabira na hutayamamu. Haina mpaka wa siku kama khofu mbili. Muda wake ni mpaka kupona. Ikiwa ilifungwa bila ya tahara, au iko kwenye viungo vya tayamamu, yaani uso na mikono, atalipa sala baadaye. Mahanafi na Malik hawakushurutisha tahara wakati wa kuifunga. Lakini hata kwa kauli yetu, deni la kulipa sala baada ya kupona si sababu ya kuifungua jabira leo.

Na tukumbuke kisa alichokipokea Abu Daud cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, akapata janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali na kuwahesabu kuwa ndio waliomuua, kwani hawakuuliza walipokuwa hawajui. Maulamaa wamezungumzia isnadi ya sehemu ya mwisho inayotaja kufunga na kupaka, lakini maana yake wameifanyia kazi.

Enyi maimamu na wanafunzi, jibu letu laweza kumponya mgonjwa au kumrudisha chumba cha operesheni. Tumuulize kwanza tabibu wake amesema nini kuhusu maji, kusimama na kufunga Ramadhani, ndipo tufutu. Kuichukua ruhusa ya Mola ni ibada, na kuulinda mwili ni kuilinda amana.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu aalam.